Breki za gari la rimoti zinapiga kelele na hazishiki

Ndugu, kwa gari la rimoti la injini ya nitro, kelele na kutoshika mara nyingi ni mafuta yaliyoganda na vumbi. Kiangazi hiki cha Kampala, vumbi jekundu linaingia kila mahali! Fungua pedi na diski kwenye difu ya katikati (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), uzifute kwa spiriti na kitambaa safi. Tafadhali usipulizie mafuta ya kulainisha hapo. Pedi iking'aa kama kioo, isugue polepole juu ya msasa laini uliolazwa mezani. Difu ikivuja mafuta, badilisha sili (mpira unaozuia mafuta) kwanza, la sivyo umefanya kazi bure. Ukishafunga, magurudumu yazunguke huru servo (mota ndogo inayovuta breki) ikiwa katikati. Breki za nyuma zisibane mno, la sivyo mkia wa gari utateleza kwenye kona.