Maswali yenu kuhusu dodoso: mvuvi wa dagaa hana mshahara wa mwezi

Shikamoo mwalimu. Dodoso langu lina maswali 74. Msimamizi amelirudisha na neno moja tu, "punguza." Nianzie wapi kukata? – Mwanafunzi, Malimbe

Marahaba. Kabla ya kukata, chora majedwali. Chukua karatasi uchore kila jedwali unalotarajia kuweka kwenye sura ya matokeo, vichwa vya safu viwepo, namba zisiwepo. Kisha pitia swali mojamoja uone jibu lake litakaa kwenye kisanduku gani. Lisilo na kisanduku, litoe. Mara nyingi utakuta dini, kabila na idadi ya vyumba vimo kwa sababu tu vilikuwemo kwenye dodoso la mwenzako wa mwaka jana. Anayekujibu amesimamisha kazi yake, na dakika 20 kwake ni nyingi.

Natafiti kipato cha wavuvi wa dagaa. Niliuliza, "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Karibu nusu wamejibu "inategemea." Wananificha? – Ilemela

Hawakufichi. Wamekujibu vizuri kuliko ulivyouliza.

Mwezi wa kalenda si kipimo cha mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu ya kuwavuta. Kwa hiyo yeye anahesabu giza. Giza likiwepo anaingia ziwani. Mwezi ukipevuka anapumzika na kushona nyavu. Ukimuuliza alipata ngapi wiki iliyopita, na wiki hiyo ilikuwa ya mbalamwezi, utaandika sifuri. Mwenzako akienda wiki mbili baadaye ataandika fedha nyingi, na mvuvi ni yuleyule.

Halafu kuna hilo neno "kipato." Dagaa wakishauzwa, zinatolewa kwanza gharama za mafuta na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na wavuvi wake. Sasa unayemhoji akutajie fedha ipi, ya mtumbwi mzima au mgao wake? Mmoja atataja hii, mwingine ile, na wewe utazijumlisha kwenye safu moja.

Hata kipimo kinadanganya. Nilipokuwa mdadisi, yaani mtu wa kuhoji na kujaza dodoso, nilimuuliza mama mmoja, akiwa anaanika dagaa kwenye kichanja, anauza kiasi gani kwa siku. "Ndoo tatu," akasema bila kuinua macho. Jirani yake naye akasema tatu. Nikaandika tatu na tatu, nikafunga daftari. Nilipoinuka ndipo nikaziona hizo ndoo: ya kwanza ya lita 20, ya pili ya lita 10, tena hiyo ndogo imejazwa mpaka kilele. Tangu siku hiyo siandiki ndoo wala sado kabla sijaomba kuiona.

Uliza hivi: Mara ya mwisho uliingia ziwani lini? Mlipata ndoo ngapi, za lita ngapi? Ndoo moja mliuza bei gani? Mgao wako ulikuwa kiasi gani? Katika giza lililopita mliingia ziwani usiku mara ngapi? Swali moja limezaa matano au zaidi, na hapa kuongeza ni halali kabisa. Tukio moja lenye tarehe linakumbukika. "Kwa kawaida" kila mtu ana yake. Hata Sensa ya 2022 ilijifunga kwenye usiku mmoja, wa kuamkia Agosti 23.

Nataka kujua ni wavuvi wangapi wanatumia nyavu haramu. Nikiuliza, wote wanasema hapana. – Mtafiti, Ukerewe

Ungekuwa wewe ungesemaje? Watu wameona nyavu zikichomwa moto, nawe umefika na barua ya mtendaji mkononi. Kwanza, hakikisha hakuna kiongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni) wala mwenyekiti aliyesimama karibu. Pili, jaribu sarafu, njia iliyotokana na wazo la Mmarekani Stanley Warner la mwaka 1965. Mvuvi anarusha sarafu, anaiangalia mwenyewe, wewe huioni. Ikitoka kichwa anasema "ndiyo" bila kujali ukweli. Ikitoka upande wa pili anajibu kweli. Hutajua "ndiyo" yake ni ya sarafu au ya nyavu, na hata mahakama haitajua.

Hesabu yake ni hii: kwa watu 100, takriban 50 watasema ndiyo kwa sababu ya sarafu. Ukipata "ndiyo" 70, basi 20 kati ya 50 waliobaki ndio wanaotumia, yaani asilimia 40. Watu wawe wengi, maana sarafu ina bahati yake, na anza kwa swali la mazoezi lisilo na hatari, kama vile "leo umekunywa chai?"

Fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa idadi ya wahojiwa, imenipa wahojiwa 300 kati ya wavuvi 1,200. Nauli yangu inatosha watu 120.

Hoji 120, useme ukweli. Kwa idadi hiyo fomula ileile inakupa kosa la makadirio la takriban asilimia 8.7 badala ya 5. Pata orodha ya majina, chagua kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 10, uanzie hapo na kuchukua kila wa kumi. Hao 120 wanakufaa kuliko 300 uliowaokota karibu na stendi.

Wadadisi wangu wanatafsiri kwa Kisukuma papo hapo. Kuna ubaya?

Upo. Kila mmoja anauliza swali lake. Mfano ni neno "kaya": kwa mtakwimu ni watu wanaoishi na kula pamoja, lakini kwa Msukuma kaya ni mji mzima, hata ukiwa na majiko matatu. Andikeni tafsiri mapema, mpeni mtu ambaye hajaona dodoso airudishe kwenye Kiswahili, kisha linganisheni. Mkishamaliza, jaribuni kwa watu kumi, mkimuuliza kila mmoja alielewa nini.

Mwalimu, mimi si msomi. Kila mwaka vijana wanakuja kuniuliza maswali, wakiondoka siwaoni tena. Naweza kukataa? – Mama wa Igogo

Shikamoo mama. Unaweza, na huhitaji kutoa sababu. Unaweza pia kukubali na kuruka swali usilolipenda, au kusimamisha mazungumzo katikati. Waambie wakuoneshe barua, na uwaulize matokeo yataletwa lini na wapi.

Nanyi vijana, ukurasa mmoja wa matokeo usomwe kwenye mkutano wa mtaa. Sisi tuliwahi kusoma ya kwetu. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akasema namba yetu ya kwanza si ya kweli: mtaa wake umejaa wachuuzi, sisi tumeandika wachache mno. Alikuwa sahihi. Tulikuwa tumepita nyumba kwa nyumba saa tano asubuhi, wachuuzi wote wako sokoni. Tulirudi jioni, tukahoji upya.