Kwa Anayeanza Kuwasoma Gladstone na Disraeli

Nilipoanza kusoma siasa za Uingereza za karne ya 19, nilichora safu mbili daftarini kwa mawaziri wakuu wawili waliokuwa wapinzani: Waliberali wa Gladstone upande wa mageuzi ya jamii, Wahafidhina wa Disraeli upande wa himaya. Jaribio la kwanza darasani lilinionyesha kwamba safu hizo zilikuwa zikinidanganya.

Chukua sheria za wafanyakazi. Serikali ya Gladstone ndiyo iliyovipa vyama vya wafanyakazi uhalali mwaka 1871, lakini mwaka huohuo ikapitisha sheria nyingine ambayo kwayo mgomaji aliyesimama mlangoni mwa kiwanda kuwashawishi wenzake, hata kwa amani, aliweza kutiwa hatiani. Kikwazo hicho kiliondolewa mwaka 1875 na serikali ya Disraeli, iliyopitisha pia sheria ya afya ya umma na ile ya makazi duni. Usiharakishe, hata hivyo, kumwita Disraeli rafiki wa maskini, kwa maana sheria ya makazi iliziruhusu halmashauri za miji kubomoa nyumba mbovu bila kuzilazimisha, na nyingi zikakaa kimya. Tangu hapo, kila ninaposoma sheria natafuta kwanza kitenzi: halmashauri "italazimika" au "inaweza"?

Kwenye himaya, linganisha maneno ya mtu akiwa upinzani na matendo yake akiwa madarakani. Disraeli alinunua hisa za Mfereji wa Suez mwaka 1875 kwa pauni milioni 4. Gladstone, akiwa upinzani, alizunguka Midlothian, jimbo la Uskoti, mwaka 1879 akilaani vita vya serikali ya Disraeli dhidi ya Wazulu na huko Afghanistan, akarudi madarakani mwaka 1880, na mwaka 1882 manowari za serikali yake zikaipiga Alexandria mizinga kabla ya majeshi kuikalia Misri. John Bright, mwenzake wa miaka mingi, alijiuzulu uwaziri kwa sababu hiyo.

Kuhusu Uganda, wasomaji wa kwetu wasitafute ugomvi wa vyama viwili tu. Mwaka 1892 Gladstone hakutaka kuichukua, ilhali Rosebery, waziri wake wa mambo ya nje, aliing'ang'ania. Gladstone alipong'atuka mwaka 1894, Rosebery akawa waziri mkuu, na Uganda ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka huohuo. Nililazimika kuongeza safu ya tatu daftarini, ya waliopingana na wenzao wa chama kimoja, nayo ndiyo iliyojaa upesi kuliko zote.