Barua kwa mwanangu: Sidney Lumet alijifunzia wapi kazi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mambo mawili: kama Sidney Lumet, yule mwongozaji wa filamu wa Marekani, alifika alikofika kwa sababu wazazi wake walikuwa wasanii, na kama wewe unayeongoza vipindi vya televisheni unapoteza muda kabla ya kugusa filamu. La pili ndilo zito, ila la kwanza nalo lina jibu lake.

Lumet alizaliwa Philadelphia mwaka 1924, akakulia New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa asili ya Poland. Baba, Baruch, aliigiza katika tamthilia za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mama, Eugenia, alikuwa mcheza dansi. Mtoto alipandishwa jukwaani angali mdogo sana, na mwaka 1935 akawa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, katika tamthilia ya Dead End. Utajiri hawakuwa nao. Walichomrithisha ni kuijua hofu ya mwigizaji kwa kuwa yeye mwenyewe ameionja, na hilo hufundishika hata kwa asiye na ukoo wa wasanii: jiunge na kikundi cha maigizo, ukariri nafasi yako, usimame mbele ya watu. Baadaye, katika filamu ya The Pawnbroker, alimwongoza baba yake mwenyewe.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, ambamo alikuwa fundi wa rada jeshini, akaingia kituo cha televisheni cha CBS mwaka 1950. Alianza kama msaidizi wa Yul Brynner, mwigizaji aliyekuwa akiongoza vipindi, katika mfululizo wa Danger. Brynner alipoondoka kwenda kuigiza jukwaani, Lumet akashika usukani. Vipindi vile vilikwenda hewani mubashara. Kamera moja ikiwa hewani, nyingine inasogezwa kwenye nafasi inayofuata, na waya wake ukipita mbele ya lenzi, watazamaji wote wameuona. Kwa hiyo kila picha iliamuliwa mapema, pamoja na mahali pa kila mguu wa mwigizaji sakafuni. Hiyo ndiyo shule unayosoma sasa, na unalipwa mshahara juu yake.

Tazama alivyoitumia katika 12 Angry Men, filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1957. Bajeti ilikuwa takriban dola 340,000, na karibu hadithi yote imo ndani ya chumba kimoja, ambamo watu kumi na wawili wa baraza la mahakama wanabishana juu ya hukumu. Walifanya mazoezi wiki mbili, wakapiga picha kwa siku 20 hivi. Kinachokula muda kwenye seti ni kuhamisha taa, basi akiisha kupanga taa za kiti kimoja alimaliza kila kitu kinachotokea hapo, hata kama maneno yale ni ya mwisho wa filamu, ndipo akahamia kiti cha pili. Alizunguka chumba mara tatu: mwanga wa kawaida, mwanga wa mawingu ya mvua, na taa za dari zilizowashwa.

Njia hii ina mitego, usiiige kichwa kichwa. Mwigizaji anaweza kumjibu leo mtu aliyepigwa picha wiki iliyopita. Asipokumbuka ukali wa ugomvi ule, majibizano hayashikani. Akikosea upande wa kutazama, wawili wanaobishana wataonekana kama kila mmoja anaongea na ukuta. Dawa ni yale mazoezi ya wiki mbili, pamoja na mtu wa kuandika mwendelezo asiyelala, yaani anayenakili kila picha ilivyokuwa ili inayofuata iungane nayo.

Na lenzi je? Alianza na lenzi za milimita 28 na 40, akapanda hadi 50, 75 na 100; namba ikipanda, lenzi ni ndefu zaidi. Lenzi ndefu huufanya ukuta uonekane umesogea mgongoni mwa mtu, hivyo chumba kinabana bila ubao hata mmoja kuhamishwa. Kamera nayo ilianza juu ya usawa wa macho, ikashuka hadi usawa wa macho, ikamalizia chini yake, dari ikaanza kuonekana.

Televisheni hakuiacha moja kwa moja. Baada ya filamu kama Serpico, Dog Day Afternoon na Network, alirudi mwaka 2001 na mfululizo wa televisheni wa 100 Centre Street, akapiga kwa video ya kidijitali, na filamu yake ya mwisho, ya 2007, akaipiga kidijitali vilevile.

Kwa hiyo usiache kazi mwezi huu. Omba upewe kipindi cha maigizo cha kamera tatu, chora sakafu ya seti kwa utepe siku ya kwanza ya mazoezi, na unitumie mchoro wa kamera zako tuupitie pamoja.

Mama yako