Maswali na majibu: muvi, vitabu, gemu, na nyie mnaolipia vitu ambavyo havijaisha

Maswali yamejaa tena na kama kawaida nusu yake ni lile lile, gemu ya GTA 6 inatoka lini. Silijibu. Ya tano ilitoka 2013, mmesubiri mpaka ndevu zimeota, na hata siku ikitoka nitawaambia msubiri tena kidogo, sababu mtaikuta kwenye jibu la kwanza. Waliouliza vya maana twende.

Mkuu, kuna gemu nataka kuilipia kabla haijatoka, ukiwahi wanakupa na nguo za bonasi za steringi. Nilipie au niache?

Acha. Hili nalisema kila nikipata upenyo na bado watu wanakuja kuomba ruhusa ya kupigwa. Zamani kuwahi kulikuwa na maana, gemu zilikuwa za kaseti na diski, dukani zinaisha kweli. Sasa hivi gemu ni faili, lini umesikia faili limeisha? Unawahi nini? Eti nguo za steringi, nguo ambazo ukifika leveli ya pili ushazivua!

Chukua Cyberpunk 2077. Trela za miaka, watu milioni 8 walilipia kabla, ikatoka tarehe 10 Desemba 2020 na kwenye konsoli, zile mashine za kuchezea gemu, za zamani ilikuwa aibu tupu, gemu inajizima yenyewe katikati ya misheni, watu wamesimama barabarani mikono wameitanua kama misalaba, ukifyatua risasi moja polisi wanazuka nyuma yako kutoka hewani. Haikupita hata wiki mbili Sony wakaiondoa dukani kwao na kurudishia watu pesa, ikarudi Juni 2021. Najua mtakachosema, "mbona waliitengeneza?" Ndiyo waliitengeneza, apdeti ya 2.0 ilipokuja Septemba 2023 ikawa gemu kali kwelikweli, mimi mwenyewe naipenda. Sasa niambie nani alifaidi: aliyesubiri alipata gemu nzima, imenyooka, bei imeshuka, na aliyewahi alilipa bei ya juu kabisa ili awe fundi wa majaribio bila mshahara.

Af hizo hadithi za "walirekebisha baadaye" mnazijua kwa sababu ndo zilizofanikiwa. Anthem ya 2019 waliahidi kuifumua na kuijenga upya, Februari 2021 wakatangaza wameachana nayo, na hela za watu zilikuwa zishaliwa zamani.

Ila Baldur's Gate 3 iliuzwa haijaisha na ikawa gemu ya mwaka. Hapo unasemaje?

Nilijua mmoja atakuja na hii. Tofauti ni kwamba watengenezaji wake walisema waziwazi kuanzia Oktoba 2020, jamani hiki ni kipande, sehemu ya kwanza tu ya hadithi, kina makosa, kama hutaki kuwa mjaribuji usinunue, na nzima ikatoka Agosti 2023. Ukijua unanunua nini sina neno na wewe. Ninayegombana naye ni yule anayekuuzia kipande huku anakuapia ni kitu kizima.

Mwisho wa muvi ya Inception, ile pia inayozunguka mezani inaanguka au haianguki?

Cobb, steringi mwenyewe, hakubaki kuangalia, kaenda zake kwa wanawe. Wewe bado umeikodolea macho ile meza tangu 2010. Next.

Naanza kuangalia Star Wars, nianze na namba moja si ndiyo?

Hapana. Anza na ya 1977, kisha ya 1980, na wakati unaangalia hiyo ya 1980 zima simu na usiongee na mtu aliyeiona. Ukianza na hiyo inayoitwa namba moja, ambayo ilitoka 1999, unajimalizia mwenyewe utamu wa hiyo ya 1980 kabla hujaufikia. Hili swali nimelijibu mpaka nimechoka, lihifadhini mahali.

Kaka habari, wenzangu wanasema kitabu siku zote ni bora kuliko muvi. Ni kweli? Na nianze na kipi?

Mtu anayesema "siku zote" ujue ama hasomi ama haangalii. Chukua Jaws. Kitabu cha Peter Benchley kilitoka 1974, na humo ndani Hooper yule mtaalamu wa papa analala na mke wa mkuu wa polisi Brody, meya ana madeni na mafia, unafika katikati unajiuliza papa kaenda wapi jamani. Spielberg 1975 akavifyeka vyote hivyo. Akabakiza wanaume watatu kwenye boti bovu na samaki, basi, na yule samaki wa mashine alikuwa anaharibika kila akiingia maji ya chumvi kwaio ikabidi asionekane muda mrefu, unaona tu mapipa ya njano yanavutwa juu ya maji, na ile kutomuona ndo iliyowatia watu woga wa bahari. Kitabuni Hooper anakufa, kwenye muvi anapona, na muvi ndo iko sahihi maana ushampenda jamaa.

Kinyume chake ni Frankenstein. Kwenye muvi ya 1931 kuna jitu refu lina vyuma shingoni linaguna tu. Kwenye kitabu cha Mary Shelley cha 1818 yule kiumbe anaongea, tena anaongea vizuri kuliko wengi wenu mnaoniandikia, kajifunza lugha kwa kuwachungulia watu kupitia ufa wa ukuta, kasoma vitabu, anakutana na aliyemuumba juu ya barafu ya milimani na anamsomea mashtaka moja moja: umeniumba, umenikimbia, sasa nipe mwenzangu wa kuishi naye. Ukishasoma hiyo sehemu lile jitu la kuguna linakuwa kichekesho. Na tafadhali msiniandikie tena kuhusu "zombi Frankenstein", Frankenstein ni yule kijana aliyemuumba.

Kwaio swali si kitabu au muvi, swali ni nani alijua cha kukata. Peter Jackson alichukua vitabu vitatu vinene vya The Lord of the Rings akatoa muvi tatu, ya mwisho ikaondoka na Oscar 11, kwa sababu alilazimika kukata. Kisha wakampa The Hobbit, kitabu kimoja chembamba cha watoto cha 1937, akatoa nacho muvi tatu vilevile, 2012, 2013 na 2014. Ikabidi waongeze mambo, wakamtunga dada wa kabila la elf ambaye kitabuni hayupo kabisa, wakamtafutia na kibwana cha kibeti ampende, na vita ambayo kitabuni inasimuliwa haraka maana steringi mwenyewe kapigwa jiwe la kichwa kazimia, kwenye muvi ndo imekuwa karibu muvi nzima. Hiyo sio sanaa, ni kukuuzia tiketi tatu za kitu kimoja. Muvi ikiandikwa "sehemu ya kwanza" kuwa na wasiwasi, nyingine zinastahili, nyingi zinataka hela yako mara mbili.

Nataka kuanza vitabu vya A Game of Thrones, wanasema ni vitamu kuliko sizoni za TV. Nianze?

Ni vitamu, hasa cha tatu, kile cha harusi, nisiseme zaidi. Ila ujue unachoingia: cha kwanza kilitoka 1996, cha tano 2011, na cha sita mpaka naandika hapa bado tunakiota. TV ikavipita vitabu ikamalizia peke yake 2019 na kelele zake mlizisikia. Kama we ni mtu wa kufurahia safari hata kama hamfiki, anza leo. Kama unataka kufika, soma The Wheel of Time, Robert Jordan aliugua akafariki 2007, lakini aliacha maelezo ya mwisho wa hadithi, Brandon Sanderson akakabidhiwa kazi na cha 14 na cha mwisho kikatoka 2013. Nakuonya tu kuanzia cha nane hivi mpaka cha kumi utatembea kwenye tope, watu wanapanga kuondoka sura nzima na hawaondoki.

Kuna watakaosema mwandishi hadaiwi na msomaji. Sawa, hadaiwi. Na msomaji naye halazimiki kununua kitabu cha kwanza cha hadithi isiyo na mwisho, tuko droo.

Mwandishi shikamoo. Mwanangu ana miaka 9 anataka GTA, anasema wenzie wote wanacheza. Ni katuni tu, si ndiyo?

Marahaba mama, na asante kwa kuuliza kabla ya kununua, wengi wanauliza baada. Hapana, si katuni. Ile 18 kwenye kasha si namba ya toleo, ni umri. Kwenye ya tano kuna misheni ambayo mchezaji anapewa mtu kafungwa kwenye kiti na meza ya vifaa, koleo, spana, umeme, anachagua mwenyewe atamtesa na kipi, na ukichagua koleo unamng'oa jino kwa kuzungusha pedi kwa vidole vyako. Hiyo mtoto wa miaka 9 haimhusu, hata wenzie wote wawe wanacheza, na nakuhakikishia sio wote.

Mpe Minecraft au gemu za Mario, ukae naye siku mbili tatu uone anachofanya. Na hili hujaniuliza ila nakwambia: kabla hujampa pedi toa kadi yako ya benki kwenye hiyo konsoli. Gemu nyingi tu, hata za mpira, zinauza masanduku ya bahati, unalipa hela halisi hujui ndani utapata nini. Ubelgiji mwaka 2018 walisema baadhi yake ni kamari kwa mujibu wa sheria zao, na mimi naona walisema kweli. Mtoto hajui kama anacheza kamari, anajua anafungua zawadi.

Gemu ya Elden Ring ni ngumu mno, nimekwama kwa yule bosi Margit, wenzangu wananicheka. Niuze?

Usiuze. Kwenye muvi steringi hafi, kwenye hii steringi anakufa kila baada ya dakika mbili, ndo ilivyo. Kosa lako naliona hata bila kukuona: unakwepa anapoinua fimbo. Yule mzee anainua, anaichelewesha makusudi, we unajirusha, unatua, ndo anaishusha. Kwepa inaposhuka. Kama bado, muache, geuza farasi nenda kusini mpaka Weeping Peninsula, ongeza leveli, imarisha silaha, rudi na wale mizimu wa kukusaidia. Hao wanaosema ukiita mizimu hujashinda wapuuze, gemu yenyewe imekupa.

Muvi ina asilimia 93 Rotten Tomatoes rafiki yangu anasema ni takataka. Nani muongo?

Hakuna muongo, hujui kusoma hiyo namba. 93 haimaanishi muvi imepata 93 kwa 100, inamaanisha wakosoaji 93 kati ya 100 wameona haiko mbaya. Wote wanaweza kuwa wamesema "inapita" na ikatoka hivyo hivyo. Muvi ya kawaida isiyoudhi mtu inapata namba kubwa, muvi ya ajabu inayogawa watu inaanguka.

Na wakosoaji wa siku ya kwanza nao ni watu. Tarehe 25 Juni 1982 zilitoka siku moja Blade Runner na The Thing, zote mbili zikapokelewa vibaya, The Thing ndo walitukana kabisa, na watu wakajaa kwenye E.T. Leo mtu yeyote anayetengeneza muvi ya jiji la baadaye lenye mvua na taa anakopa kutoka kwa Blade Runner. Ukiitafuta chukua toleo la 2007, yako mengi na lile la 1982 lina sauti ya Harrison Ford anakuelezea kila kitu kama vile hujaona. Kwaio ingia uangalie, utoke na maneno yako.

Nilinunua gemu ya magari miaka ya nyuma, seva wamezima, sasa hata kucheza peke yangu siwezi. Huu si wizi?

Kisheria wanakwambia ulinunua leseni. Mimi naita wizi. The Crew ya Ubisoft ya 2014 ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, watu wakabaki na diski mkononi isiyofungua kitu, na hapo ndo ilipoanzia ile kampeni ya Stop Killing Games iliyokusanya saini zaidi ya milioni moja Ulaya. California nako 2024 walipitisha sheria, muuzaji asitumie neno kununua bila kukwambia wazi kwamba ni leseni. Ni kidogo lakini ni kitu. Kabla hujalipa angalia kama inacheza bila intaneti. Kama haichezi, ujue umekodi, na tarehe ya kurudisha wataipanga wao.

Kazi inanibana, nina masaa machache tu wikiendi. Gemu gani naweza kuimaliza kweli?

Portal ya 2007. Bunduki moja inayotoboa matundu mawili ukutani, sauti moja ya mashine inayokudanganya kuhusu keki, unamaliza jioni moja na wimbo wa mwisho unaimbiwa na aliyekuwa anataka kukuua. Au Journey ya 2012, kama masaa mawili, usisome chochote kabla. Portal 2 ipo, ni ndefu zaidi, usianze nayo.