Mama, Binti na Mume Mmoja: Maswali Yenu Kuhusu Vita vya Akina Ptolemy

Maswali ya safari hii yote yanahusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoipasua Misri kati ya mwaka 132 na 124 KK, mfalme Ptolemy wa Nane akiwa upande mmoja na dada yake, Cleopatra wa Pili, upande wa pili.

Huyu Cleopatra ndiye yule wa Julius Caesar? (Msomaji, Tanga)

Siye. Yule ni wa Saba, alikuja karibu karne nzima baadaye. Ukoo huu wenye asili ya Makedonia ulikuwa bahili wa majina, ndiyo maana watu wa Alexandria waliwabandika lakabu. Ptolemy wa Nane walimwita Kitambi.

Ugomvi wenyewe ulianzia wapi? (Msomaji, Nakuru)

Ulianzia kwa ndugu watatu, watoto wa Ptolemy wa Tano: wavulana wawili na Cleopatra wa Pili. Mkubwa, Ptolemy wa Sita, alimuoa dada yake, kama ilivyokuwa kawaida ya ukoo ule. Mdogo, ambaye ndiye Kitambi, naye akakitaka kiti. Wakafukuzana, Roma ikaingilia kati, mwisho mdogo akapewa Cyrene, katika Libya ya leo, akae huko atulie. Hakutulia. Mwaka 145 KK kaka mtu alifia Syria kwa majeraha ya kuanguka na farasi vitani, na mdogo akarudi mbio Alexandria kumuoa mjane, yaani dada yake mwenyewe.

Haikuishia hapo. Miaka michache baadaye alimchukua pia binti wa mke huyo, Cleopatra wa Tatu, akamfanya malkia bila kumwacha mama. Hesabu undugu huo: kwa yule binti, mume ni mjomba, ni baba mdogo na ni baba wa kambo. Mama na mwana wakawa wake wenza, na hati za serikali zikalazimika kuwatenganisha: huyu "Cleopatra dada", yule "Cleopatra mke".

Wengi husema ni wivu. Mimi nasema ni urithi. Binti alikuwa anazaa wana wa kiume, na mama, aliyekuwa malkia tangu miaka ya 170 KK na mwenye watu wake mjini na jeshini, aliona wazi anakosukumwa. Alexandria ilipolipuka kwa ghasia, ikulu ilichomwa moto. Kitambi na mke mdogo wakakimbilia Saiprasi, na Cleopatra wa Pili akaanza kuhesabu miaka upya: mwaka wa kwanza wa utawala wake, peke yake.

Je, vilikuwa vita vya Wagiriki na Wamisri? (Msomaji, Bukoba)

Hapana, ingawa utasikia hivyo mara nyingi. Nguvu za malkia zilikuwa Alexandria, mji wa Kigiriki. Mfalme, Mgiriki vilevile, alimtegemea jemadari Mmisri aitwaye Paos, na Paos akatumwa kuwapiga Wamisri wenzake wa kusini. Na mwaka 131 KK akajitokeza Mmisri mwingine huko Thebes, Harsiesi, akajiita farao kwa muda mfupi.

Ipo barua moja ya mafunjo ninayoipenda. Askari kijana, Esthladas, anawaandikia wazazi wake mnamo Januari 130 KK. Anawaomba wajipe moyo mpaka mambo yatulie, anawapa habari kwamba Paos anapanda mto na jeshi la kutosha kuwanyamazisha watu wa Hermonthis, mji wa kusini karibu na Thebes, kisha anawasalimia dada zake. Chini anaweka tarehe: mwaka wa 40. Huo ni mwaka wa mfalme, akihesabu tangu alipokalia kiti mara ya kwanza, kabla ya kupewa Cyrene. Kwa hesabu ya malkia ulikuwa wa 2, kwa hiyo tarehe tu ilitosha kumtambulisha mtu yuko upande gani.

Ni kweli mfalme alimuua mwanawe? (Msomaji, Mombasa)

Waandishi wa kale wanasema alimuua Memphites, mtoto aliyezaa na Cleopatra wa Pili, akamkatakata na kumpelekea mama viungo ndani ya sanduku. Waandishi hao walimchukia Kitambi, kwa hiyo habari za sanduku zipokee kwa tahadhari. Kifo chenyewe sina shaka nacho. Mwaka 118 KK mtoto huyo, kwa maoni ya wataalamu wengi, aliingizwa katika orodha ya miungu wa ukoo, wazazi wote wawili wakiwa hai.

Nani alishinda? (Msomaji, Dodoma)

Mfalme, kwa silaha. Malkia alimwita mkwewe Demetrius wa Pili kutoka Syria, akafika mpaka Pelusium, ngome ya mpakani mwa Misri, akarudi nyuma. Malkia akachukua hazina akamfuata Syria. Lakini mwaka 124 KK walipatana, wakatawala tena watatu. Mwaka 118 wakatoa msamaha kwa makosa yote isipokuwa kuua kwa makusudi na kuiba mali za hekalu. Waliokimbia warudi makwao, waliochomewa nyumba wajenge upya. Nakala yake ilipatikana Tebtunis, mji wa kale wa Misri, kati ya mafunjo makuukuu yaliyotumika kuwajaza na kuwafungia mamba waliokaushwa na kuzikwa zamani.

Kuna chochote kinachotugusa sisi wa pwani? (Msomaji, Lamu)

Kipo. Enzi za Kitambi, baharia Eudoxus wa Cyzicus alisafiri hadi India, na aliporudi mfalme akamnyang'anya shehena. Baadaye Cleopatra wa Tatu akamtuma tena. Safari hii, wakati wa kurudi, upepo ulimsukuma mpaka pwani ya Afrika kusini ya Ethiopia. Akawapa wenyeji mikate, divai na tini kavu, nao wakampa maji na warubani. Akaandika hata baadhi ya maneno yao. Strabo, mwanajiografia Mgiriki aliyetuachia habari hii, hakuiamini. Anayeijua kaskazi hatashangazwa na sehemu ya upepo. Alipofika Misri, mwana wa malkia ndiye aliyekuwa kitini, naye akamnyang'anya shehena vilevile.