Pengo la sakafu baada ya kubomoa dohani

Kaka, umeuliza kama unaweza kuunga boriti za sakafu ya juu pale ulipotoa dohani (bomba la matofali la kutolea moshi), kwenye nyumba ya zamani ya Capri Point, Mwanza. Kwanza panda darini! Kama sehemu ya juu ya dohani bado imesimama, matofali yale yananing'inia juu ya vichwa vya watoto. Mwite mhandisi leo, yashikiliwe kwanza.

Kuhusu pengo, usiunge vipande kwa misumari katikati, sakafu itabonyea. Weka boriti nzima mpya, kimo sawa na za zamani, zifike ukutani. Ikishindikana, laza mpya ubavuni mwa iliyokatwa, ndefu kupita pale ilipokatwa, ufunge kwa bolti za milimita 12. Mbao iwe kavu, iliyotiwa dawa ya mchwa.