Kima, tumbili na virusi: tunajibu maswali yenu

Mtafiti anajuaje tumbili ana virusi bila kumkamata? (Msomaji, Parklands)

Kwa kinyesi. Kundi hufuatwa alfajiri, wanaposhuka kutoka walikolala na kujisaidia, na kinyesi huokotwa kingali na joto, kabla ya jua na mende wa mavi hawajakiharibu. Kipande kisizidi ukubwa wa punje ya harage. Kinazamishwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, ambayo ni chumvi ya amonia salfeti iliyokolezwa, kwa ujazo usiopungua mara 5 ya kinyesi. Wanaoanza kazi hukosea hapa: wanajaza kichupa kwa tamaa, dawa haifiki katikati, RNA (chembe za urithi za virusi) inaoza kabla haijafika maabara. Lebo iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino hufutika spiriti ikimwagika. Kichupa kilale usiku mmoja kwenye nyuzi 4 dawa ipenye, ndipo kigandishwe.

Glavu usivue mapema: dawa hiyo huhifadhi virusi, haiviui. Na kipimo kimoja kikisema "hakuna", usishangilie. Virusi kwenye kinyesi mara nyingi ni vichache, kwa hiyo kundi hupimwa tena na tena. Damu ni shughuli nyingine kabisa, ya daktari wa wanyama mwenye bunduki ya usingizi na kibali mkononi.

Ni kweli tumbili wana ukimwi?

Wana SIV, jamaa ya HIV, na kwa kawaida haiwaumizi. HIV-1, aina ya HIV iliyosambaa duniani, ilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, si kwa tumbili wetu.

Kima amemkwaruza mwanangu bustani ya City Park, Nairobi, akinyang'anya ndizi. Nifanye nini?

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kwa saa yako, si kwa kukisia, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa na pepopunda ndizo hofu za kwanza. Na ndizi, mama, zibaki nyumbani.

Nikikuta kima amekufa mtaani, ni homa ya manjano?

Huenda ni gari au waya wa stima. Huko Amerika Kusini kima wakianza kufa msituni, ni king'ora cha homa ya manjano. Wa Afrika hubeba virusi hivyo mara nyingi bila dalili, ndiyo maana hapa ukihesabu mizoga pekee utachelewa. Hupimwa mbu pia, pamoja na damu ya kima walio hai. Usiuguse mzoga, piga simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Sisi nasi tunaweza kuwaambukiza?

Sana. Mwaka 2013 huko Kibale, Uganda, kirusi cha mafua ya binadamu kiliua sokwe 5 katika kundi la 56. Ukienda kuwaona, vaa barakoa na ukae umbali wa mita 10. Ukiwa na kikohozi, ahirisha safari hata kama tiketi imeshalipwa.